Shahada ni Ushahidi

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikitaka cha mvunguni bila kuinama, nikakipata, na kilipofika mkononi hakikuwa kitu. Katika makala hii nakusudia kuandika jambo ambalo kwa miaka mingi nimelisema kwa mdomo tu mbele ya wanachuo wangu. Nalo ni hili: kabla ya kupata shahada yangu ya chuo kikuu mwaka 2000, nilikuwa na shahada nyingine, niliyoipata mwaka 1989, ambayo haikutambuliwa na mtu yeyote isipokuwa mimi na wale walioniuzia. Silielezi ili nionewe huruma. Nalieleza kwa sababu mkasa wa mtu mmoja unaweza kutufundisha historia ya kitu ambacho sote tunakiheshimu bila kuuliza kilitoka wapi, yaani ile karatasi inayosema kwamba fulani amesoma.

Tuanze na neno lenyewe. Shahada ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa shahidi, ushahidi na ushuhuda. Mwislamu anapotamka shahada anatoa ushuhuda wa imani yake. Mahakamani shahidi husimama akasema aliyoyaona. Hivyo basi, kwa lugha yetu, shahada ya chuo si pambo la kutundika ukutani. Ni maneno ya shahidi anayesema: mtu huyu nilimwona, nilimpima, nami nasema anajua. Na shahidi ana masharti yake. Sharti ajulikane ni nani, sharti awe aliliona jambo lenyewe, na sharti asiwe amelipwa ili aseme analotaka mlipaji. Neno hili nililitamka kila siku kwa miaka mingi darasani. La ajabu ni kwamba sikuwahi kulisikiliza.

Mwaka 1988 nilikuwa na umri wa miaka 38, mkufunzi wa historia katika chuo kimoja cha ualimu huko Nyanda za Juu Kusini. Nilikuwa na stashahada, mke, watoto sita na baiskeli. Wakati huo Tanzania nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu: kile cha Dar es Salaam, na cha Sokoine kule Morogoro kilichoanzishwa mwaka 1984. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limewafungulia mlango watu waliokwisha kufanya kazi, lakini mlango ule ulikuwa mwembamba na watu walikuwa wengi. Mara mbili niliomba ruhusa ya kwenda masomoni, na mara mbili barua yangu haikujibiwa. Wakati huohuo vijana niliokuwa nimewafundisha walikwenda Mlimani, wakamaliza, wakarudi kuwa wakaguzi wangu. Walinisalimu kwa heshima zote, wakaketi nyuma ya darasa langu na daftari magotini. Msomaji akiwa mwalimu ataelewa jinsi moyo unavyouma mtu akisalimiwa kwa heshima namna ile.

Ndipo nilipoona tangazo katika gazeti la kigeni lililoachwa na mgeni. Lilisema kwamba chuo kikuu kimoja cha Marekani kinatoa shahada kwa njia ya posta kwa watu wazima, na kwamba uzoefu wa maisha utahesabiwa. Jina la chuo kile silitaji, maana sina hakika kama waliokuwa nyuma yake walikuwa kumi au mmoja.

Nisije nikadhaniwa mjinga kupita kiasi, napenda nieleze kwa nini niliamini. Kusoma shahada kwa mbali si jambo la uongo, na mimi nikiwa mwalimu wa historia nililijua hilo. Chuo Kikuu cha London kilipata hati yake mwaka 1836 kikiwa chombo cha kutahini, na mwaka 1858 hati mpya ilimruhusu mtu kufanya mitihani yake bila kujali alisomea wapi. Watu wa makoloni wakasoma vibarazani kwao, wakatahiniwa na London. Kule Afrika Kusini, UNISA ilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na kwa njia hiyo Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Uingereza ilianzisha chuo kikuu chake huria mwaka 1969, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo Januari 1971.

Hata vyuo vyetu wenyewe vilianza kwa kuazima shahidi. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, ilifungamana na London mwaka 1949, na wahitimu wake wakawa wanapewa shahada za London. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria wasiojaza hata basi dogo, nacho kilikuwa chini ya London. Baadaye, mwaka 1963, kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila nchi ikasimama na chake. Hakuna aliyeona aibu kwa mpango huo. Chuo kichanga kisichojulikana kilimwomba mzee anayejulikana akishuhudie, mpaka nacho kikajulikana. Watu wa London hawakujali ulikaa wapi wala ulivaa nini. Waliangalia karatasi yako ya majibu, na walikuwa na uwezo wa kukuambia umeshindwa.

Jambo hilo la mwisho ndilo nililolipita bila kuliona.

Waliniletea fomu niorodheshe maisha yangu. Nikaandika miaka ya kufundisha, semina nilizohudhuria, ukatibu wa chama cha ushirika, hata shamba langu la mahindi. Kila kitu kikageuzwa kuwa masomo. Niliambiwa niandike insha moja ndefu, nikaandika kurasa 22 juu ya vita vya Maji Maji. Nilitumia miezi mitatu, na nakiri kwamba niliifurahia. Ada yote ilikuwa dola 450. Siku zile fedha za kigeni zilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Ilibidi nimwombe mpwa wangu aliyekuwa baharia. Alinijibu, “Mjomba, nitatuma, ila wewe utamlipa mama huku kidogo kidogo.” Hesabu yake ilikaribia mshahara wangu wa mwaka mzima. Mke wangu aliacha kushona vitenge vyake miaka miwili.

Insha ilirudi imeandikwa juu yake neno moja la sifa. Mimi niliyekuwa nasahihisha madaftari kila juma, niliyewafundisha walimu kwamba daftari lisilo na alama ya kalamu nyekundu ni daftari lisilosomwa, nilizipindua kurasa zile 22 nikakuta hazina hata nukta nyekundu. Nikajiambia kwamba huenda nimeandika vizuri sana. Majivuno ni dawa ya usingizi.

Cheti kilifika mwaka 1989, kizito, chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Tulichinja mbuzi. Katika ubao wa zamu ofisini nikaandika herufi B.A. mbele ya jina langu kwa chaki ya rangi, na wanachuo wakaniita kwa herufi hizo. Mkufunzi mmoja wa jiografia, kijana hodari aliyekuwa akinitazama kama kaka yake, aliniuliza niliwezaje. Nikamwonyesha njia. Nilimsaidia kujaza fomu kwa mkono wangu. Aliuza ng’ombe wawili.

Baada ya hapo nilipeleka nakala ya cheti Wizarani ili nifikiriwe kupandishwa daraja. Jibu lilichukua miezi minne na lilikuwa na mistari mitatu. Chuo kilichotajwa hakitambuliwi, cheti hakiwezi kuzingatiwa, nakala imerejeshwa.

Nilipopata kuelewa kilichotokea, niliona kwamba niliangukia katika shimo lililokuwa kati ya desturi za nchi mbili. Kwetu, chuo kikuu siku zile kilizaliwa kwa sheria ya Bunge. Mtu akisema “chuo kikuu” ilieleweka kuwa nyuma yake ipo dola. Marekani sivyo. Serikali kuu ya kule haitoi yenyewe ithibati kwa vyuo. Majimbo ndiyo yanayoviruhusu vifunguliwe, na ithibati, yaani ule uthibitisho kwamba masomo ni masomo kweli, hutolewa na jumuiya ambazo vyuo vyenyewe viliziunda ili kukaguana. Tangu mwaka 1952, ilipotungwa sheria ya kuwasomesha askari waliotoka vita vya Korea, Serikali hutangaza orodha ya jumuiya inazoziamini. Katika mpango huo mjanja alipata nafasi. Alikwenda katika jimbo lenye sheria nyepesi, akajiandikisha kama anayefungua duka, kisha akaandika kwenye karatasi zake kwamba “ameidhinishwa na jimbo.” Mmarekani mwenye habari angeuliza ithibati yako ni ya nani. Mimi, mtoto wa nchi ambayo idhini ya Serikali ni kila kitu, sikuona la kuuliza. Wengine walifika mbali zaidi, wakajiundia na jumuiya bandia za ithibati ili wajishuhudie wenyewe. Katika miaka ya 1980 wapelelezi wa FBI waliendesha msako mkubwa wa viwanda hivyo vya vyeti, wakauita Dipscam. Maana yake kwamba miaka ileile niliyokuwa natafuta dola, kule kwao mambo yale yalikuwa yakifikishwa mahakamani. Habari hizo hazikufika kijijini kwetu. Tangazo ndilo lililofika.

Nilikaa na barua ile siku tisa bila kumwambia mtu. Siku ya kumi nikaipeleka kwa mkuu wangu wa chuo wa wakati ule, mzee mtaratibu aliyekaribia kustaafu. Aliisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema, “Mwalimu, hukuiba. Uliibiwa. Lakini kuanzia leo umejua. Ukiziandika tena herufi zile baada ya leo, hapo ndipo utakuwa umeiba.”

Nimesoma vitabu vingi vya maadili ya kazi ya ualimu, lakini sijakuta penye mpaka uliochorwa wazi namna hiyo. Nilitoka ofisini mwake nikachukua kifutio nikazifuta herufi zangu mwenyewe, mchana, wenzangu wakiwa wanakunywa chai. Katika kikao cha wakufunzi nikasimama nikaeleza. Wawili walicheka, wengi walitazama meza. Kijana wa jiografia hakucheka wala hakutazama meza. Alinitazama mimi. Alikuwa amekwisha kutuma fedha yote.

Kumbe mwaka uleule wa 1988 niliokuwa nikijaza fomu za uongo, Serikali yetu ilikuwa imeunda kamati chini ya Balozi Nicholas Kuhanga ichunguze uwezekano wa kuwa na chuo kikuu cha kufundisha kwa mbali. Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 1990, Bunge likapitisha Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, na Januari 1994 Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikaanza na wanafunzi wake wa kwanza. Makamu Mkuu wake alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, ambaye alikwisha kuongoza Sokoine na Dar es Salaam. Niliposikia jina lake nilijua kwamba safari hii shahidi anajulikana.

Pamoja na hayo, niliogopa. Nilikuwa na miaka 44, na kwa macho ya watu Huria ilifanana kabisa na kile kilichoniumiza: posta, bahasha, fomu, ada. Mke wangu ndiye aliyesema, “Wale ulijaza shamba la mahindi wakakupa shahada. Hawa waulize kama wanataka kujua habari za shamba.” Hawakutaka. Walitaka vyeti vyangu vya kidato na stashahada, wakavihakiki, wakanipa masomo ya mwaka wa kwanza ya shahada ya sanaa na ualimu.

Siku zile chuo hakikuwa na mali. Vitabu vingi vya kusomea viliazimwa kutoka vyuo vya nchi nyingine, na tulivisubiri kama watu wanavyosubiri mvua. Nilisoma kwa taa ya chemli kuanzia saa tisa usiku hadi saa kumi na moja, kabla wanachuo hawajaamka kufanya usafi. Tulikuwa tukisafiri kwa basi hadi kituo cha mkoa kwa ajili ya kukutana na wahadhiri na kufanya mitihani. Walikuwapo mabwana shamba, wauguzi, askari magereza, na bibi mmoja mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja na mjukuu mgongoni.

Kazi yangu ya kwanza ilirudi na alama C. Pembeni, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, palijaa maandishi mekundu. Nilikuwa nimeandika tena juu ya Maji Maji, kwa majivuno yaleyale, na mahali pa kwanza nilipotamba msahihishaji aliuliza ushahidi wangu uko wapi. Mahali pa pili akauliza tena hivyohivyo. Nilikwenda nikaketi chini ya mti wa mparachichi nyuma ya nyumba yangu nikaisoma karatasi ile mara tatu. Sitaona haya kusema kwamba machozi yalinitoka, wala hayakuwa ya huzuni. Palikuwapo mtu, mahali fulani, aliyenisoma.

Mwaka 1996 somo moja lilinishinda kabisa. Nikalirudia mwaka uliofuata. Watu hupenda kusimulia waliyofaulu; mimi nazihesabu alama za somo lile miongoni mwa mali zangu, kwa sababu chuo kilichoweza kunikatalia mwaka 1996 ndicho kilichonipa thamani kiliponikubali mwaka 2000. Nilikuwa na miaka 50. Hapakuwa na mbuzi. Palikuwa na chai na maandazi, na mke wangu alivaa kitenge kipya. Miaka miwili baadaye nilikabidhiwa chuo kukiongoza, nikakiongoza hadi nilipostaafu mwaka 2010.

Nchi nayo ilijifunza, maana baada ya milango ya vyuo binafsi kufunguliwa, haja ya mlinda mlango ilionekana. Kenya ilikuwa na tume yake tangu mwaka 1985. Kwetu Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu liliundwa mwaka 1995, na nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2005. Leo mwenye shahada ya nje anaipeleka TCU ipimwe. Laiti ningekuwa na mahali pa kuuliza hivyo mwaka 1988.

Lakini sheria haimalizi tamaa. Aprili 28, 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, akaagiza waondolewe kazini. Nilisikiliza redioni nikiwa nyumbani, mstaafu, na mwili ulinisisimka. Ni kweli kwamba kughushi cheti cha kidato cha nne si sawa na kudanganywa na chuo bandia. Mmoja amemvika mwingine vazi la uongo; mwingine amevikwa. Hata hivyo nilijiuliza, miongoni mwa wale wote, ni wangapi walioanza wakiwa wamedanganywa, kisha wakapata barua yao ya mistari mitatu, wakaikunja wakaificha, na kuendelea kuandika herufi zao ubaoni? Kati yangu na wao palikuwa na mzee mmoja aliyevua miwani. Miaka miwili kabla ya hapo, Mei 2015, gazeti la New York Times lilikuwa limefichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyouza shahada duniani kote kwa majina ya vyuo visivyokuwapo, kwa kutumia intaneti. Kumbe wafanyabiashara wa aina ile hawakufa, wameacha tu bahasha na stempu. Nilichokisubiri mimi miezi, kijana wa leo anakipata kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo wajukuu na wanachuo wanaponiuliza kama kusoma kwa mbali kunafaa, nawaambia waulize maswali matatu kabla ya kutoa senti. Kwanza, nani atakayenitahini? Pili, je, anaweza kunifelisha? Tatu, yeye mwenyewe anajulikana na nani? Jibu la swali la tatu waliandikie TCU, wasilitafute kwa muuzaji. Na ikiwa wamekwisha kuumizwa, naam, waseme mapema. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Aibu ya kuficha inakula pensheni.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Lakini yupo yule kijana wa jiografia. Mwaka 1994 nilimpelekea fomu za Huria, nikamwambia nitamlipia mwaka wa kwanza. Alizitazama, akanirudishia. “Shikamoo, Mwalimu,” alisema, kama vile ndiyo kwanza tumeonana, “aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.” Nilimlipa thamani ya ng’ombe mmoja. Wa pili alikataa kupokea, akasema huyo aliuzwa na yeye mwenyewe. Alifundisha hadi akastaafu akiwa na stashahada yake, na sijapata kuona mtu anayechora ramani ya Afrika ubaoni bila kutazama kitabu kama yeye. Nafasi niliyopewa mimi mwaka 2002 angeweza kuipata baada yangu. Hasara ya dola mtu huizoea. Yeye aliibiwa hamu ya kujaribu tena, na mkono uliomshikia kalamu ulikuwa wangu.

Shahada zangu zote mbili zimo katika sanduku la bati chini ya kitanda. Ile ya mwaka 1989 bado inang’aa kuliko ile ya kweli, na kila mjukuu anayefungua sanduku huishika hiyo kwanza. Mke wangu amenishauri mara nyingi niichome. Nimekataa. Nayo ni shahidi, ingawa si wa elimu yangu.